Kufuli la simu na matundu yake

Huku Muscat sijambo, kazi zinaendelea, tatizo ni joto tu. Naandika nikiwa hapa Al Bustan, kile kijiji kilichobanwa kati ya milima ya mawe na bahari, ambacho wengi wenu mnakijua kwa picha za ile hoteli kubwa ya kifalme iliyofunguliwa mwaka 1985. Nimetoka zamu ya usiku na usingizi umegoma, kwa hiyo leo nalipa deni.

Deni lenyewe ni swali la binamu yangu mmoja wa Tanga. Aliniuliza hivi: "Dada, simu ikishawekwa namba ya siri, mwizi si hawezi kitu tena?" Nilitaka kumjibu kwa meseji moja, nikaona jibu linarefuka. Ni swali zuri, na linatuhusu sote, maana sisi tulio huku Ghuba ndio tunaotuma simu nyumbani. Mama ana yangu ya zamani, shangazi ana ya mtu mwingine, na mdogo wangu ana ile aliyonunuliwa Ruwi ikiwa imeshatumika. Kila moja ina kufuli, na kila kufuli lina historia yake. Hebu tuanze mwanzo.

Mnaikumbuka Nokia 3310? Ilitoka mwaka 2000. Baadaye mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, kile kitochi chetu, na dunia nzima ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Kuifungua 3310 ulibonyeza Menu halafu nyota, basi, umeingia. Lile halikuwa kufuli la kumzuia mwizi. Kazi yake ilikuwa kuzuia simu isijipigie yenyewe mfukoni ukamaliza vocha bila kujua! Kufuli la kweli lilikuwepo ndani ya menyu, lakini namba yake ya kiwandani ilikuwa 12345 na wengi hawakuibadilisha maisha yao yote. Kila fundi aliijua.

Kulikuwa na kufuli jingine la laini yenyewe, yaani PIN. Ukikosea mara 3 laini inafungwa na kudai namba nyingine ndefu ya tarakimu 8 iitwayo PUK. Ukikosea na hiyo mara 10, laini imekufa, nenda kanunue nyingine. Hilo kufuli lilikuwa gumu kweli, na bado lipo mpaka leo ingawa wengi wamelisahau. Ishikeni vizuri hiyo PUK, tutairudia.

Siku zile mwizi akiiba simu alikuwa ameiba simu tu. Alichopata ndani ni vocha ya kukwangua, majina ya watu, na meseji za mapenzi. Kisha mambo yakabadilika. Machi 2007 Safaricom ya Kenya ikaanzisha M-Pesa, na mwaka uliofuata, Aprili 2008, Vodacom ikaileta Tanzania. Simu ikawa mkoba. Mwaka huohuo wa 2007, tarehe 29 Juni, iPhone ya kwanza iliingia madukani Marekani, na Oktoba 2008 ikafuata simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1. Picha zikaingia, barua pepe zikaingia, baadaye WhatsApp na benki. Nyumba nzima ikahamia ndani ya simu, na mlango wake ni kile kioo unachokipangusa.

Sasa tuutazame mlango huo. iPhone za mwanzo zilikuwa na namba ya siri ya tarakimu 4, ambayo ina michanganyiko 10,000 tu. Ilipofika mwaka 2015 Apple wakapandisha kiwango cha kawaida kuwa tarakimu 6, michanganyiko milioni moja. Android walikuja na mchoro wa nukta tisa. Michoro inayowezekana ni 389,112, inaonekana mingi, lakini mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba mafuta ya kidole yanaacha njia kwenye kioo, na ukikiinamisha kwenye mwanga unaweza kuusoma mchoro wenyewe. Huna haja ya kukisia kitu. Mama zetu wenye mikono ya mafuta ya nazi, mmesikia?

Lakini kukisia namba ni njia ya mwizi mvivu. Historia ya kuchekesha, na ya kutisha, ni ya watu walioingia bila kukisia chochote.

Hapa inabidi nieleze kitu kama muuguzi. Kufuli la simu si kama kufuli la duka la Mhindi ambalo likifungwa limefungwa. Simu iliyofungwa lazima iruhusu mambo fulani yafanyike bila namba ya siri. Kubwa kuliko yote ni simu ya dharura. Mtu amepata ajali barabarani, hajitambui, msamaria mwema anaokota simu yake. Lazima aweze kupiga 9999 hapa Oman au 112 kule nyumbani. Na mgonjwa akifika kwetu hana fahamu, mara nyingi tunajua jina lake pale tu simu yake inapoita na sisi tukapokea, maana simu inayoingia hupokelewa hata kama imefungwa. Tundu hilo lina huruma ndani yake. Silalamiki hata kidogo kwamba lipo.

Shida ni kwamba kila mwaka matundu yaliongezwa. Kamera ifunguke haraka bila namba ya siri. Meseji zionekane juu ya kioo. Umwambie Siri afanye hili na lile. Tochi, muziki, kikokotoo. Kila moja ni dirisha jipya kwenye ukuta uleule, na kila dirisha linahitaji komeo lake. Nyumba yenye mlango mmoja unaweza kuilinda ukiwa umelala. Yenye madirisha 30 lazima uzunguke kila usiku.

Angalieni jinsi wezi, na watafiti wema kabla yao, walivyopita madirishani:

Agosti 2008. Kwenye iPhone iliyofungwa ulikuwa unafungua ukurasa wa simu ya dharura, unabonyeza kitufe cha chini mara mbili, na orodha ya majina unayoyapenda inafunguka. Kutoka hapo unaingia kwenye barua pepe na meseji. Apple walirekebisha mwezi uliofuata.

Oktoba 2010. Ukurasa uleule wa dharura! Unaandika alama tatu za ###, unapiga, na papo hapo unabonyeza kitufe cha kuzima kioo. Mlango wazi, orodha ya majina mbele yako. Ikarekebishwa Novemba.

Februari 2013. Toleo la iOS 6.1, tena ni kuchezea simu ya dharura na kitufe cha kuzima. Dawa ilitoka tarehe 19 Machi, na papo hapo watu wakaonyesha njia nyingine ya kupita kwenye toleo lilelile lililotibiwa. Septemba mwaka huo ikatoka iOS 7 yenye sura mpya kabisa, na ndani ya siku chache Jose Rodriguez, mwanajeshi wa visiwa vya Canary huko Hispania, akaonyesha kwamba unaweza kupita kwenye saa ya kengele ukafika kwenye picha za mwenye simu. Hakuwa na mtambo wowote wa ajabu, ni vidole na subira tu. Bwana huyo aliendelea kupata matundu ya namna hiyo kwa miaka.

Septemba hiyohiyo ya 2013 ilikuja iPhone 5s yenye kusoma alama ya kidole. Tukaambiwa sasa mambo yamekwisha. Ndani ya siku mbili hivi, wataalamu wa Chaos Computer Club wa Ujerumani walikuwa wameshapiga picha alama ya kidole iliyoachwa kwenye kioo, wakatengeneza kidole bandia na kufungua simu. Na mwaka 2019 mwanamke mmoja wa Uingereza aliweka plastiki ya bei rahisi juu ya kioo cha Samsung Galaxy S10, ghafla kidole cha mumewe kikaifungua simu ambayo haikimjui. Samsung wakakiri na kutoa marekebisho.

Android nao msiwaonee wivu. G1 ile ya kwanza, Novemba 2008, iligundulika kwamba kila unachoandika kwenye kibodi kilikuwa kinapelekwa pia kwenye moyo wa simu kama amri ya mkuu wa nyumba. Mtu mmoja alikuwa anachati akaandika neno la Kiingereza la kuwasha upya, simu yake ikatii na kujizima! Mwaka 2015 watu wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walionyesha kwamba kwenye Android 5 unaweza kubandika neno la siri refu mno huku kamera imefunguliwa, mpaka kufuli linazidiwa na kuanguka, na wewe unaingia. Ni kama mlinzi aliyepigiwa kelele mpaka akazimia.

Ninayoipenda zaidi ni ya 2022, na hapa ndipo PUK inarudi. Mtafiti wa Hungary aitwaye David Schütz alirudi safarini, simu yake aina ya Pixel ikazimika chaji. Alipoiwasha akakosea PIN ya laini mara tatu, akaweka PUK, akaweka PIN mpya. Akaona kitu cha ajabu: simu iliyowashwa upya ilikuwa inaomba kidole, wakati ilitakiwa kuomba namba ya siri kwanza. Mwingine angesema alhamdulillah na kwenda kulala. Yeye akarudia rudia mpaka siku moja bila kuizima simu akatoa laini, akaweka nyingine, akafuata hatua zilezile, na simu ikafunguka yote. Maana yake mwizi alihitaji laini yake mwenyewe na PUK yake mwenyewe, akaingia kwenye simu yako!

Sababu ilikuwa hii. Simu ina mapazia kadhaa ya ulinzi, moja baada ya jingine. Sehemu iliyoshughulikia PUK ilipomaliza kazi ilitoa amri: "Ondoa pazia lililo mbele." Lakini wakati huohuo sehemu nyingine ilikuwa imeshaona laini iko sawa na kuleta pazia linalofuata, lile la namba yako ya siri. Amri ikaondoa pazia lisilo lake. Kila sehemu peke yake ilifanya kazi sawasawa, ila hazikuongea vizuri. Sisi wauguzi tunaijua hali hii kwa jina lake: makabidhiano mabovu ya zamu. Wa usiku anasema "mpe dawa yake," wa asubuhi anampa dawa ya kitanda cha pili. Ndiyo maana tunafundishwa kutaja jina la mgonjwa, dawa, kipimo, njia na saa, kila mara, hata kama unamjua kwa sura. Dawa ya tundu lile ikawa hiyohiyo: kila sehemu itaje pazia gani hasa inataka liondolewe. Schütz aliripoti Juni 2022, dawa ikatoka Novemba, na Google wakamlipa dola 70,000. Kumbe kuna mtu mwingine alisharipoti tundu hilo kabla yake na halikuwa limezibwa.

Mmeona mfululizo wake? Mara nyingi tatizo haliko kwenye namba ya siri yenyewe. Liko pale kufuli linapofanya hisani: simu ya dharura, kamera, laini mpya, kengele. Na lilijirudia mahali palepale 2008, 2010 na 2013. Hapo ndipo watu wanauliza: mbona hawajifunzi? Ubora wa programu umeshuka?

Wanaosema umeshuka wana ushahidi. iOS 13 mwaka 2019: Rodriguez aliripoti tundu Julai, lakini tarehe ya kutoa toleo ilikuwa imeshapangwa Septemba pamoja na simu mpya, basi likatoka na tundu lake, na dawa ikaja siku chache baadaye. Novemba 2017 kompyuta za Apple zenye macOS High Sierra zilimruhusu mtu yeyote kuandika jina la mkuu wa kompyuta, yaani root, aache neno la siri tupu, abonyeze mara kadhaa na aingie. Dawa ilitoka siku iliyofuata, na kwa haraka hiyo ikavuruga mambo ya kushirikisha mafaili. Oktoba 2018 Microsoft walitoa toleo la Windows 10 ambalo kwa baadhi ya watu lilifuta nyaraka zao, ikabidi walisimamishe mpaka Novemba. Na mtakumbuka tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilipotuma apdeti moja mbovu na kompyuta kama milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikabaki chini na hospitali kadhaa duniani zikarudi kwenye karatasi. Haraka haraka haina baraka, wahenga walishamaliza.

Lakini naomba niwe mkweli, zamani nako hakukuwa peponi. Shuleni tulifundishwa habari za Therac-25, mashine ya mionzi ya saratani iliyotengenezwa Kanada. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita kule Marekani na Kanada walipigwa mionzi mingi mno kwa sababu ya makosa ya programu, na baadhi yao walikufa. Mashine iliyotangulia ilikuwa na makosa yanayofanana, ila ilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vilivyokata moto kabla mgonjwa hajaumia. Kwenye mashine mpya waliviondoa wakaiachia programu kila kitu. Mhudumu alipoona kwenye skrini maneno "Malfunction 54" hakujua maana yake, akabonyeza kuendelea. Kwa hiyo msimwamini mtu anayewaambia kwamba mafundi wa zamani hawakukosea.

Kilichobadilika, kwa ninavyoona mimi, ni woga. Programu ya kitochi ikishatoka kiwandani ilikaa vilevile. Ikiwa na kosa, lazima simu irudi kwa fundi iunganishwe waya. Kosa moja lingekula faida ya kampuni, kwa hiyo waliogopa. Leo kosa likitoka asubuhi, dawa inatumwa jioni kwa intaneti. Hilo ni jambo zuri sana kwa afya ya simu, lakini limeleta tabia mbaya: toa kwanza, utarekebisha baadaye. Chumba cha upasuaji tunahesabu gozi zote kabla mgonjwa hajashonwa. Hakuna anayesema "tumshone tu, ikipungua moja tutamfungua kesho." Na inawezekana kusimama: Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wa Microsoft kwamba usalama utangulie mbele ya vitu vipya, wakasimamisha kazi ya Windows kwa wiki kadhaa ili wakague walichoandika. Wakubwa wakitaka, muda hupatikana.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo mambo yanapofika kwetu. Hiyo "tutarekebisha baadaye" ina maana kama dawa inakufikia. Tundu lile la 2015 nililowatajia, simu za Nexus za Google zilipata dawa mwezi huohuo. Simu nyingine za Android zilibaki kumsubiri mtengenezaji wake, na nyingi za bei nafuu hupata apdeti chache au hazipati kabisa. Mtu wa Muscat anatumia simu miaka mitatu, minne, wakati inaanza kuachwa na mtengenezaji ndipo anaifuta na kuituma Tanga au Pemba. Pale inaanza maisha ya pili, na maisha hayo ya pili ndiyo yenye pesa za mama, picha za harusi na meseji za benki. Sisi tunaondoka na simu yenye chanjo, nyumbani inafika iliyokwisha chanjo.

Tena msidhani kukosa apdeti ni jambo la watu binafsi tu. Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishatoa dawa yake Machi. Taasisi za hospitali zisizopungua 80 kati ya 236 za England zilivurugika na miadi inayokadiriwa 19,000 ikafutwa. Dawa ilikuwepo miezi miwili! Haikumezwa.

Najua kuna wanaoziogopa apdeti, na huku Ghuba wana sababu. Julai 2009 kampuni ya simu ya Etisalat kule Falme za Kiarabu iliwatumia wateja wake wa BlackBerry, kama 145,000, apdeti iliyoitwa ya kuboresha utendaji. Betri zikaanza kuisha haraka, wataalamu wakaifungua, wakakuta programu yenye uwezo wa kunakili barua pepe za mtu. Watengenezaji wa BlackBerry wakatangaza kwamba si yao na wakatoa njia ya kuiondoa. Kwa hiyo nami sisemi mmeze kila kidonge mnachopewa barabarani. Nasema mkachukue kwenye duka lenye leseni, yaani ndani ya mipangilio ya simu yenyewe.

Habari njema ni kwamba upepo unageuka kidogo. Google kuanzia Pixel 8 ya 2023, na Samsung kuanzia Galaxy S24 ya 2024, wameahidi apdeti kwa miaka 7. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unataka simu mpya zinazouzwa kwao zipate apdeti kwa angalau miaka 5 tangu ziache kuuzwa. Sisi Afrika Mashariki hatuna haja ya kusubiri simu zilizoachwa. Tunaweza kuuliza swali hilo dukani, Kariakoo au Ruwi: hii itapata apdeti mpaka lini? Muuzaji akicheka, mwache acheke.

Hapa kwetu Al Bustan kwenye mzunguko wa barabara kuna jahazi limewekwa, linaitwa Sohar. Lilijengwa Sur mwaka 1980, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi kama mitepe ya wazee wetu wa Lamu, na mwaka 1981 lilifika China na Tim Severin. Chombo cha kushonwa hakina siku ya kusema "nimemaliza". Kamba zinapakwa mafuta, zinakaguliwa, iliyochoka inabadilishwa, la sivyo bahari inaingia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Programu ni chombo cha kushonwa, haijalishi kioo chake kinang'aa kiasi gani.

Kwa hiyo binamu, jibu lako: namba ya siri inamzuia mwizi mvivu, na wengi ni wavivu, usiache kuiweka. Lakini isiwe komeo pekee. Fanyeni haya, na mumsaidie mama kuyafanya:

1. Wekeni PIN kwenye laini yenyewe, na PUK iandikwe daftarini nyumbani. Bila hiyo, mwizi anatoa laini, anaiweka kwenye kitochi, na kila meseji ya kuthibitisha WhatsApp au benki inamfikia yeye. Kufuli la kioo halijaguswa hata kidogo.

2. Zuieni maandishi ya meseji yasionekane juu ya kioo kilichofungwa.

3. Namba ya siri ya pesa isifanane na ya simu, na isiwe mwaka wa kuzaliwa. Tafadhali.

4. Angalieni kwenye mipangilio tarehe ya apdeti ya mwisho ya usalama. Kama imepita miaka miwili na hakuna nyingine, simu hiyo ibaki ya kupiga stori na kuangalia video. Programu ya benki itoeni.

5. Link ya "apdeti" ikija kwa meseji, futa.

6. Simu ikipotea, pigieni kampuni ya laini kwanza wafunge, kulia baadaye.

Na la mwisho ni la kutoka wodini. Lile dirisha la dharura litumieni kwa faida yenu. Simu nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura inayosomeka bila namba ya siri. Jazeni jina la mtu wa kupigiwa, magonjwa, na dawa zinazowadhuru. Shangazi mwenye kisukari na baba mwenye mzio wa penisilini, nawaambia nyinyi kwanza. Nimeshawahi kusimama pembeni ya kitanda na simu iliyofungwa mkononi, nikisubiri iite, kwa sababu mgonjwa hakuwa amejaza hata mstari mmoja.

Kaka, Ijumaa ukienda kwa mama anza na namba 1. Namba za PUK nitumie kwa kuongea, usiziandike kwenye meseji! Nawasalimu wote, nani kajifungua, nani kaoa, mnijulishe. Mimi sasa naenda kulala.